Aliyekuwa Akifungua Maji

Ujumbe uliingia kwenye simu siku ya Jumanne, nikiwa nakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Warsha ya siku moja, Moshi mjini, kuhusu maboresho ya operesheni za kimataifa za kulinda amani. Waalikwa ni askari wastaafu na waliomaliza mikataba yao, waliowahi kuhudumu nje ya nchi, waje watoe uzoefu. Niliusoma mara mbili, nikafuta utomvu kwenye kanga, nikaenda kumsomea baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za supu ya mtori, kazi ambayo miaka yote aliyokuwa na nguvu zake hakuwahi kuigusa, na sasa anaifanya huku analaumu kisu.

"Wamekukumbuka leo?" aliuliza.

"Wanataka tuwaambie changamoto."

"Waambie chakula kilikuwa kibaya," alisema, akaendelea kumenya.

Niliamua kwenda kwa sababu moja, na haikuwa sababu ya kuandikwa kwenye fomu ya usajili. Nilitaka kumpata mtu yeyote aliyewahi kukaa kambi yetu baada ya sisi kuondoka, nimuulize habari za mwanamke mmoja. Ni miaka minne sasa tangu nirudi Kibosho. Mama alikuwa amefariki, baba amebaki peke yake na ng'ombe wawili, mkataba wangu ukaisha, nikarudi. Watu hudhani nimelikumbuka jeshi. Jeshi silikumbuki hata kidogo, hasa viatu vyake. Ninayemkumbuka ni yule mwanamke, na ninamkumbuka vibaya, kiasi kwamba kuna asubuhi nikisikia maji yanaingia shambani naacha ninachofanya na kusimama tu.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni ya jirani, na Kiswahili wanakiongea kwa namna yao, mwanzoni kinakuchekesha, baadaye unajikuta unakiongea mwenyewe. Kambi yetu ilikuwa juu ya kilima, imezungushiwa mifuko ya mchanga, na chini yake kulikuwa na vijiji viwili vinavyokunywa kijito kimoja. Kijiji cha juu kilikuwa cha watu waliokimbia vita kwingine wakahamia pale. Kijiji cha chini kilikuwa cha wenyeji. Wa juu walikuwa wanayazuia maji kumwagilia mihogo na mboga zao, wa chini wanakuta mawe makavu. Ugomvi ulianza kwa wanawake kurushiana maneno kijitoni, yakafuata mawe, zikafuata panga, na kabla hatujafika sisi walishafika wanaume wenye bunduki kutoka porini, kila upande na wa kwake. Nyumba zilichomwa pande zote mbili.

Sisi tulipelekwa kulinda raia. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi zetu, na mimi niliyaamini yale maneno kama mtoto anavyoamini katekisimu. Halafu kuna asubuhi tuliona moshi unapanda kutoka vitongoji vya ng'ambo ya bonde. Tulipanda magari, injini zikaungurumishwa, tukakaa. Ruhusa ilitakiwa itoke mjini, kwa watu ambao hawajawahi kukiona kilima chetu, na mmoja wao alikuwa kwenye kikao. Tulikaa ndani ya magari yale na helmeti za bluu vichwani mpaka jua likawa utosini. Tulipofika kule tulimkuta kuku mmoja na bibi mmoja, na bibi hakutaka kutuangalia. Hasira ile ninayo mpaka leo. Sikumchukia mtu, maana kila niliyemuuliza alinionyesha karatasi na karatasi ilikuwa sahihi.

Ilikuwa baada ya siku ile ndipo nilipoanza kwenda kijitoni. Tulikuwa wanawake sita kwenye kikosi, na tuliagizwa tuzungumze na wanawake wa vijijini, kwa sababu wakubwa waligundua kwamba wanaume wenye silaha wakizungumza nao hawaambiwi kitu. Nilishuka na wenzangu wawili na walinzi. Kijitoni nikamkuta yeye, umri wangu, mjane, anatoka kijiji cha chini, amekaa juu ya dumu lake tupu la njano anasubiri maji ambayo yalikuwa yamezibwa juu. Nilimsalimia. Akaniangalia viatu, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye helmeti, akasema, "We, na hii joto, kichwa haiivi?"

Nilicheka mpaka mlinzi akanigeukia. Tangu siku ile nikawa namtafuta kwanza kabla ya mtu mwingine. Alinifundisha kupika sombe, yale majani ya mihogo, na akanicheka nilipotaka kuyapika kwa muda wa mchicha. Mimi nilimwonyesha picha za shambani kwetu. Kilichomshangaza si mlima, ulikuwepo kwenye picha na theluji yake, hakuuona. Alishika simu akauliza, "Na hii maji inapita hapa kati ya ndizi, ni ya nani?"

Ilikuwa picha ya mfongo. Kwetu mlimani maji hayaachwi yateremke yanavyotaka. Wazee waliyachukua kutoka mtoni mbali juu, wakayachimbia mifereji inayozunguka vilima na kupita vihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa watu, na mfereji huo ndio mfongo. Kila kihamba kina zamu yake. Baba yangu alikuwa msimamizi wa mfongo wetu kwa muda mrefu, na mimi nimekua nikimwona anaondoka asubuhi na jembe kwenda kufungua banio, yaani pale maji yanapozibwa kwa mawe, magome ya mgomba na tope. Siku ya kusafisha mfongo kila mwenye zamu anafika na jembe lake. Asiyefika hapati maji, hata kama ni padri.

Nikamweleza yote hayo, na nilipokuwa naeleza nikaona jambo lenyewe limekaa mbele yetu. Vijiji viwili, kijito kimoja. Asubuhi maji yaende chini, alasiri yabaki juu. Banio la kufungwa na kufunguliwa. Hakuna kitu rahisi kama hicho kwa mtu wa Kibosho.

Haikuwa rahisi kuwakubalisha, ilichukua majuma mengi. Tulikaa na kina mama wa juu, tukakaa na kina mama wa chini, yeye akinisaidia kusema nilichoshindwa kusema. Mwisho wakakubali zamu, ila wakagomea jambo moja. Wa chini hawakutaka banio lishikwe na mtu wa juu, na wa juu hawakutaka lishikwe na mtu wa chini. Mama mmoja wa kijiji cha juu akanielekeza kidole. "Wewe ufungue. Wewe si wa huku wala wa kule."

Nilikubali papo hapo. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilijiona nimekuwa baba.

Basi kila asubuhi, saa moja, nilishuka kilimani na jembe begani, walinzi watatu wenye bunduki nyuma yangu. Nadhani nilikuwa askari pekee kwenye operesheni nzima aliyekwenda doria na jembe. Kamanda wetu, mtu mwenye moyo, aliiandika kwenye taarifa kama doria ya miguu, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuandika maji. Ilikuwa na mahali pa idadi ya doria, kilomita, na watu tuliozungumza nao. Saa nane nilishuka tena kufunga. Yeye alikuwa ananisubiri banioni kila mara, hata siku ambazo hakuwa na shida ya maji. Aliniita dada wa maji, na watoto wakalidaka jina. Tulikaa juu ya jiwe tukisikiliza maji yanavyoteremka kwao, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza mpaka ayasikie yamefika kwenye mawe ya chini, ndipo anaanza umbea. Tangu banio lile lianze mpaka tunaondoka hakupigwa mtu kijitoni. Nikikaa hapa jioni na nikaulizwa nilifanya nini duniani, hicho ndicho ningekitaja.

Muda wetu wa mwaka mmoja ulipokwisha, walikuja wengine. Ndivyo utaratibu ulivyo, kila mwaka wanaondoka wanaojua wanakuja wasiojua. Waliotupokea walikuwa wa taifa jingine, lugha nyingine, na makabidhiano yalifanyika mchana mmoja. Tulikabidhi mahema, jenereta, ramani, orodha ya vipuri. Nilimwomba afisa wao mmoja nimwonyeshe banio. Njia ya chini ilikuwa na utelezi, dereva akasimama juu barabarani, na mimi nikaonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Mkalimani alitafsiri. Afisa akatikisa kichwa kukubali, akapiga picha, akasema ni pazuri.

Na tulikatazwa kuwaambia wanakijiji siku ya kuondoka. Ni sheria ya usalama, naielewa. Safari ikijulikana inaviziwa. Asubuhi ya mwisho nilishuka kama kawaida. Nikafungua maji. Tukakaa kwenye jiwe, akasikiliza mpaka yakafika, akanipa habari za jirani yake aliyefumaniwa na mbuzi wa mtu. Nilicheka bila kutaka kucheka. Nilipoinuka akauliza kama alivyouliza kila siku, "Kesho utakuya?"

"Nitakuja," nikamwambia.

Mchana ule helikopta ilituchukua. Kutoka juu nilikitafuta kijito nikakosa, majani yalikuwa yamekifunika.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia baba. Nilimsimulia vizuri, kwa madoido, nikitegemea atasema neno. Alikuwa anakatakata magome ya mgomba kwenye hori la ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa leo anafungua nani?" akauliza.

"Wenyewe, nadhani. Au wale wageni."

"Ulimwachia nani jembe?"

Niliokota gome lililoanguka nikalirudisha horini. Akaacha kukata.

"Huko wewe ulikuwa unakunywa maji gani?"

"Ya chupa. Yalikuwa yanaletwa na helikopta."

"Aa," alisema baba.

Alirudi kukatakata magome yake. Hakuwa na haja ya kueleza. Kwetu hata mtoto anajua kwamba anayeshika banio lazima awe anakunywa mfongo uleule. Akizembea, chungu chake nacho kinakauka. Ndiyo maana msimamizi hachaguliwi kwa upole wala kwa kutokuwa na upande. Baba alikuwa na upande, tena alikuwa na maadui, lakini kihamba chake kilikuwa mwisho kabisa wa mfongo, maji yakimfikia yeye yamekwishamfikia kila mtu. Mimi niliyekulia ndani ya jambo hilo nilikwenda kulifanya kinyume, kwa sababu nilipewa sifa na nikazipenda. Ningeweza kuwaambia yule mjane na yule mama wa juu washike pamoja, siku huyu siku yule, wagombane mpaka wazoee, na mimi nipo pale juu na bunduki za kuwatuliza. Nilikuwa na miezi tisa ya kufanya hivyo. Kila asubuhi nilifungua mwenyewe.

Nilijaribu kumtafuta. Hakuwa na simu. Nilikuwa na namba ya mwenye duka wa kijijini, nikaipiga mpaka nikaikariri, haipatikani. Niliandika barua nikampa askari mmoja aliyekuwa anakwenda upande ule, naye akapelekwa kambi nyingine. Miaka ikapita kwa kahawa, ng'ombe, misa, mazishi ya watu. Lakini zamu yetu ya mfongo inapofika na maji yakaanza kububujika kwenye migomba, najikuta nimenyamaza mpaka nisikie yamefika chini, kisha nageuka kutaka kusikia umbea, na hakuna mtu. Ninamtamani kwa namna ambayo sijawahi kumtamani mwanaume yeyote niliyemwacha au aliyeniacha. Sauti yake imeanza kunitoka, na hilo linanitisha.

Siku ya warsha nilichukua bodaboda mpaka mjini, nikafika na tope mpaka magotini, wenzangu wamevaa suti. Tulipewa begi la kitambaa, kalamu na kadi ya kuvaa shingoni. Mwezeshaji alikuwa dada mzuri wa Dar, mchangamfu, amepanga siku nzima kwa dakika. Wataalamu wawili walizungumza asubuhi. Sikuwadharau, walijua mambo. Walisema vikosi vinatumwa na kazi kubwa na vifaa vidogo, kwamba ruhusa zinachelewa, kwamba kila kikosi kinapoondoka kinaondoka na kumbukumbu zake, na hakuna kati ya hayo lililokuwa uongo. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali peke yangu huku nyuma.

Kila askari alipewa dakika tatu. Wengi walisema helmeti, mishahara kuchelewa, mawasiliano. Zamu yangu ilipofika nilisema banio. Nilisema nilichokosea, bila kujitetea: kwamba nilishika maji nisiyoyanywa, na nilipoondoka nikaondoka nayo. Nilisema mkitaka kubadilisha kitu, msimtume mtu akafungue maji ya watu. Atumwe akasimame pembeni mpaka wao wenyewe waweze kuyafungua, na kama mwaka hautoshi basi asiondolewe kwa mwaka.  Mwezeshaji akashukuru kwa dhati, akaenda kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, akaandika kwa wino wa kijani: Umiliki wa jamii.

Niliyaangalia maneno yale. Hayakuwa na kosa lolote, na nilitaka kuyachana.

Wakati wa chai mtu mmoja akanifuata, mnene kidogo, sahani mkononi. Alijitambulisha kuwa sajenti mstaafu, kwao ni Kwa Sadala, njia ya Arusha. Akaniuliza banio lile lilikuwa kambi gani. Nikamtajia. Akaweka kikombe chini.

"Mimi nimekaa hapo," alisema. "Sisi ndio tulioifunga ile kambi. Mwaka wa pili baada ya wale waliowapokea ninyi."

Nilimsogelea. "Maji walikuwa wanafungua nani?"

"Maji yapi, dada? Sisi habari za maji hatukukabidhiwa." Alifikiri. "Kupigana huko chini kijitoni kulikuwepo, ndiyo. Tulikuwa tunaandika kwenye taarifa."

"Kuna mama mmoja wa kijiji cha chini," nikasema, na nikaanza kumweleza, umri, urefu, pengo la jino la pembeni, kucheka kwake. Nilikuwa naeleza haraka kama mtu anayeogopa kukatiwa simu. Sajenti alikuwa anatikisa kichwa kukataa, hapana, hapana, halafu akaacha kutikisa.

"Anakuja na jembe?" akauliza.

Sikuwa nimemtajia jembe.

"Alikuwepo mama anakuja getini asubuhi na jembe begani," alisema. "Kila asubuhi. Saa moja yuko pale. Anasema anamtaka dada wa maji. Vijana wa getini wakadhani anatafuta kibarua, kwa sababu ya lile jembe. Tulikuwa na bustani ndogo ya mboga, lakini watu walishatosha."

"Mkamwambiaje?"

"Aje kesho." Aliniangalia usoni, akaongeza kwa sauti ya kujitetea, "Ungemwambia nini, afande? Hatukujua anachotaka. Na alikuwa hana fujo. Anaambiwa kesho, anashukuru, anashuka zake."

Watu walikuwa wanapita katikati yetu na vikombe. Mwezeshaji alianza kutuita turudi ndani, akipiga makofi kidogo, tumechelewa, mada inayofuata ni namna vikosi vinavyopaswa kuondoka. Nilimshika sajenti mkono wa shati ili asiende.

"Aliacha lini kuja?" nikamuuliza.

Alitazama ukumbini, akatazama sahani yake, akaniangalia mimi.

"Hakuacha," alisema. "Ni sisi tulioondoka."